Theodora, Hali: Imefungwa

Printa ya steshenari ile iliyo jirani na soko, pale Majengo, haina ubinafsi. Ukituma karatasi zako na mwenzako akatuma zake, yenyewe inazichanganya kama makande, kisha inawaachia mchambue wenyewe. Jumatatu hiyo saa mbili asubuhi duka lilikuwa limefurika: wanafunzi na fomu zao, madereva wa bodaboda na leseni za kutolea kopi, na bibi mmoja aliyetaka picha yake ikuzwe "mpaka ionekane kwamba nilikuwa nacheka." Nje, mlima ulikuwa umevua mawingu yote, unang'aa mpaka unaumiza macho, na hakuna aliyeutazama. Watu wa Moshi mlima wameuzoea kama jirani wa ukuta mmoja.

"Samahani, kaka. Umechukua safu zangu."

Kijana aliyeambiwa hivyo aligeuka. Jina lake Primus. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande wa mbele tu. Mgongoni lilibaki na mikunjo ya juzi, kwa imani kwamba watu wote wa maana angekutana nao uso kwa uso.

"Safu zipi, dada?"

"Hizo. Jedwali hilo hapo mkononi. Ni langu."

Primus alilitazama jedwali, akamtazama mwenye jedwali. Sketi ya kitenge cha bluu, raba nyeupe zisizo na hata tone la tope, miwani imepandishwa juu ya misuko. Akapoteza alichotaka kusema, akasema kingine.

"Mimi nilidhani printa imenibariki. Wiki nzima nimehangaika kulinganisha violezo viwili, naona karatasi hii imelinganisha kwa ukurasa mmoja tu. Nikasema, Primus, kumbe una akili hivi!"

"Violezo vya nini?"

"Vya Scrum. Usijali, ni mambo ya..."

"Vya Scrum?" Miwani ilishuka kutoka kwenye misuko mpaka puani. "Unakwenda ofisi ya nani?"

"Ya Dada Kindness, pale Njoro. Ndiko ninakofanya kazi."

"Na mimi ndiko ninakoanza kazi leo," alisema Theodora.

Kwa wewe ambaye hujawahi kukaa na watengeneza programu za kompyuta, ngoja nikueleze upesi kabla hawa wawili hawajaanza kutazamana. Scrum ni namna ya timu kugawanya kazi kubwa katika vipande vya wiki mbili mbili, vinaitwa sprinti. Kila asubuhi wanasimama dakika kumi na tano, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Kila kazi ina kadi yake ndani ya kompyuta, na kadi husogea kutoka hali moja kwenda nyingine mpaka kazi iishe. Kiolezo sasa ndicho kinachoamua kadi iwe na sehemu ngapi za kujaza, na hali hizo ziitweje. Ni kama mafundi cherehani wawili: mmoja anakupima mabega na kiuno basi, mwingine anakupima mpaka kifundo cha mguu. Gauni utapata kwa wote wawili. Ugomvi ni kuhusu ule muda uliosimama ukipimwa.

Dada Kindness, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa akitengeneza programu ya kupokelea kahawa kwenye vituo vya wakulima. Kabla ya kuanza alitaka timu ichague kiolezo. Akampa Primus kazi ya kulinganisha, halafu, bila kumwambia, akampa pia mfanyakazi mpya.

"Nilitaka nione nani ataniambia ukweli," alisema walipoingia pamoja. "Haya, Primus, anza."

Primus alikitetea kiolezo kinene, kile chenye sehemu nyingi za kujaza. Kilikuwa na kadi za hadithi, yaani nani anataka nini na kwa nini, za kazi, za dosari, kadi ya sprinti yenyewe, na sehemu ya kuandika kila kinachokukwamisha na ni nani wa kukikwamua. "Hiki hakisahau kitu, Dada. Ukipiga chafya kinauliza sababu."

"Ndiyo kasoro yake," alisema Theodora. "Nimehesabu. Kadi moja ya dosari ina sehemu kumi na tisa za kujaza. Karani wa kituo cha kahawa ana foleni ya wakulima mlangoni, atajaza kumi na tisa? Hiki chembamba kina sita. Na hali zake nne zinasomeka kama mazungumzo ya watu: Mpya, Imekubaliwa, Imeahidiwa, Imekamilika."

"Imeahidiwa!" Primus alicheka. "Hiyo ni Scrum au kanisani?"

"Timu ikiichukua kazi kwenye sprinti, imeahidi. Sioni cha kuchekesha."

Alilisema hilo akiwa amesimama wima, kidole kwenye jedwali, kila safu imenyooka kama mistari ya kahawa kwenye shamba la mtu mwenye nidhamu. Na mimi ninayesimulia nakiri: jedwali lile lilikuwa zuri. Hakukuwa na neno la kujaza nafasi. Pale ambapo kiolezo cha mpinzani kilishinda, aliandika kimeshinda. Primus aliona hilo, kwenye safu ya mwisho, kwa herufi ndogo: *Sehemu ya Kinachokwamisha: kinene ni bora zaidi.* Mtu anayekusifu ndani ya karatasi ya kukushinda! Hapo ndipo alipokwisha, maskini, ingawa yeye mwenyewe aligundua wiki mbili baadaye.

Dada Kindness akaamua vijaribiwe vyote, sprinti mbili, kila kimoja kwenye ubao wake. Na kwa kuwa makarani wa vituo nao wangeusoma ubao, Primus apewe kazi ya kuyaweka maneno yote kwa Kiswahili.

Mwezi ule ofisi ya Njoro ilikuwa na vita tamu.

"Afande wa Safu, umeamkaje?"

"Nimeamka na sehemu sita. Wewe bado unajaza ya kumi na nne?"

Mchana walikwenda pamoja kula ndizi nyama kwa mama mmoja wa jirani, wakachora hali za kadi kwa vijiti vya meno juu ya meza. Jioni simu zilianza kwa kazi.

"Theo, ile kadi ya mizani umeigawanya?"

"Nimeigawanya mara tatu. Umenipigia kwa ajili ya mizani?"

"Hapana."

"Kwa ajili ya nini?"

"Nilitaka kusikia unavyosema 'nimeigawanya.' Unaisema kama mtu anayekata keki."

"Primus, una wazimu."

"Ninao. Andika kadi. Ni dosari, uzito wa juu."

Theodora alicheka mpaka mama yake, nyumbani kwao Shirimatunda, akauliza kutoka uani ni nani huyo mwenye vichekesho. "Mtu wa ofisini, mama." "Mtu wa ofisini gani anayepiga simu saa ya kuchambua mchicha?" Theodora akahamia chumbani.

Wiki ya tatu, wakiwa wanashuka ngazi za ofisi, Primus alimshika mkono na hakuuachia mpaka barabarani. Hakusema kitu. Yeye asiyeishiwa maneno! Theodora alikubali ukimya ule kama jibu la swali ambalo naye hakuwa ameliuliza.

Alhamisi moja Primus aliomba ruhusa ya siku mbili. "Nina shughuli nyumbani Kibosho," alisema tu, akapanda mlimani.

Ijumaa asubuhi timu ilisimama mbele ya ile runinga ya ukutani inayoonyesha mabadiliko ya mbao zote mbili. Lucky, kijana wa kujaribu programu, ndiye aliyekuwa na zamu ya kusoma. Alikuwa na sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Taarifa mpya, ubao wa kiolezo kinene! Primus amebadilisha kadi. Jina la kadi: Theodora. Hali: Imefungwa. Sababu..."

Akanyamaza. Lakini runinga hainyamazi, na wote walikuwa na macho.

*Sababu: Haihitajiki tena.*

Macho yote yakamgeukia Theodora.

"Labda ni Theodora mwingine," alijaribu Lucky.

"Kuna wangapi ofisini?"

"Mmoja, dada."

Theodora alishusha miwani. Dada Kindness, kwa nia njema ya kumwondolea aibu, akaruka kwenye ajenda iliyofuata, ile ambayo kila mtu alikuwa akiikwepa. "Tuendelee. Mbinga wanataka mtu wa kuwawekea programu na kufundisha makarani. Miezi sita, kuanza Jumatatu. Najua ni mbali, sitamlazimisha mtu."

"Mimi," alisema Theodora.

"Fikiria kwanza, mwanangu."

"Nimefikiria. Andika jina langu. Weka Imeahidiwa."

Simu yake iliita mara nne kabla ya saa sita. Ya tano akapokea, akiwa amesimama kwenye ngazi.

"Mpenzi!" Sauti ya Primus ilikuja ikikatikakatika, na nyuma yake kuku na mtu anayecheka. "Umeona? Nimeifunga!"

"Nimeona. Ofisi nzima imeona."

"Ofisi nzima? Aisee! Basi na wao wafurahi. Theo, we acha tu, nimepumua. Ule mzigo umenitoka."

"Mzigo."

"Mzigo mzito! Mwezi mzima nalala nao, naamka nao. Leo nimeutua mbele ya wazazi, wamenipongeza mpaka..."

"Hongera kwa kuutua," alisema Theodora, akakata. Akazima na simu.

Kule Kibosho, Primus aliitazama simu yake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiyemjua. Akapiga tena, haipatikani. Mara umeme ukakatika, na simu ikabaki na chaji ya kuonea saa tu.

Theodora hakwenda kula. Alikaa mbele ya kompyuta na taarifa yake ya mwisho ya ulinganisho, na aliapa kukizika kiolezo kinene pamoja na mwenyewe. Lakini mtu mwenye nidhamu hata hasira zake zina utaratibu. Alikuwa amebakiza jaribio moja: kufunga kadi kwa haraka, kama karani mwenye foleni angefanya. Akafungua kadi ya mizani, iliyokwisha salama wiki iliyopita. Akabonyeza Imefungwa, akahifadhi.

*Kadi: Mizani. Hali: Imefungwa. Sababu: Haihitajiki tena.*

Mizani haihitajiki? Kahawa itapimwa kwa macho?

Akafunga nyingine. *Haihitajiki tena.* Akaenda kwenye kompyuta ya Lucky, akafunga ya tatu huko. *Haihitajiki tena.* Kiolezo kilikuwa kinajijazia Sababu chenyewe. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na usipoigusa inapita kama ilivyo. Na nani angeigusa, akiwa mlimani, kwenye simu, mtandao ukija na kuondoka?

"Lucky," alisema polepole. "Ile kadi yangu. Kuna mtu ameifungua akaisoma ndani?"

"Nani angethubutu, dada?"

Akaifungua mwenyewe. Primus alikuwa ameijaza. Mungu wangu, alikuwa amejaza sehemu zote kumi na tisa!

*Hadithi: Kama Primus, nataka wazazi wamjue Theodora, ili nikimleta asikute watu wanaoshangaa.*

*Kinachokwamisha: Uoga wangu. Wa kukikwamua: mimi mwenyewe.*

*Itahesabika imekwisha pale: mama atakaposema "mlete."*

*Maelezo ya ziada: Ana jedwali moja zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na ndani yake kanisifu. Kama mama atauliza nimempendea nini, nianze na hilo.*

Theodora alisoma mara mbili. Kisha akavua miwani akaifuta, ingawa iliyolowa haikuwa miwani.

Aliandika ukurasa wa mwisho wa taarifa kwa dakika ishirini. Kichaguliwe chembamba, kwa ajili ya makarani. Kiongezewe kutoka kwenye kinene sehemu moja tu, Kinachokwamisha, kwa sababu imemfanya mtu kusema ukweli. Na lile neno Imefungwa lisitumike tena na mtu yeyote mwenye moyo. Akaiweka mezani kwa Dada Kindness.

"Naomba kutoka mapema, Dada."

Kindness aliusoma ukurasa, akafika kwenye lile neno *moyo*, akavua kalamu sikioni. "Boda wa hapo chini anaijua Kibosho vizuri," alisema. "Mwambie aendeshe taratibu."

Huku juu, mama yake Primus, mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya gauni, mwenye sauti iliyozoea kuita watu ng'ambo ya korongo, alikuwa amemsimamia mwanawe.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijui, mama."

"Amekata simu, na wewe hujui kosa lako?"

"Kweli sijui."

"Basi isale moja haitakutosha." Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, akarudi na majani mawili marefu ya isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha, huna ulimi wa kukataa. "Shuka. Ukifika, kwanza nyamaza, halafu mpe. Usianze utani wako."

Primus alishuka kwa miguu, majani mkononi, shati lile lile la pasi ya mbele. Mvua ilikuwa imepita. Kahawa imechanua, nyeupe chini ya migomba, harufu yake tamu mpaka kooni, na maji ya mfereji yanaimba kando ya njia. Alipofika kwenye daraja la magogo, akaona bodaboda inasimama. Akaona raba nyeupe zinakanyaga tope bila kujali.

Akakumbuka agizo: kwanza nyamaza. Akanyamaza. Akanyoosha majani.

"Hayo ya nini?" aliuliza Theodora.

Kimya.

"Primus, sema."

"Mama kasema nisianze utani."

"Unaomba msamaha wa nini?"

"Sijui. Ndiyo maana ni mawili."

Theodora alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, kimoja kikimsukuma mwenzake, akaeleza: runinga, Lucky na sauti yake ya mpira, Haihitajiki tena mbele ya watu wote. Primus alishika kichwa. Akakaa juu ya gogo la daraja.

"Mimi? Niliandika hivyo? Juu yako?"

"Kiolezo chako kiliandika. Nimejaribu mara tatu, kinafanya hivyohivyo."

"Theo, nilitafsiri ile orodha kwa mkono wangu! Niliiona hiyo Sababu, nikasema nitaibadilisha baadaye."

"Na ule mzigo?"

"Uoga! Mzigo ulikuwa uoga!"

"Nilijua baada ya kusoma. Nisamehe na mimi. Sikukuuliza." Akalichukua jani moja, akamrudishia. "Hili langu kwako. Tumemalizana?"

"Tumemali... hapana, usitumie hilo neno pia."

Walicheka mpaka dereva wa boda akageuza uso kuutazama mlima. Kisha Theodora akaacha kucheka kwanza.

"Kuna jambo. Nikiwa na hasira nilinyoosha mkono. Mbinga. Miezi sita, Jumatatu."

Primus aliyatazama maji. Neno la kwanza lililomfika kinywani lilikuwa "usiende," na Kindness angemwelewa kama angepigiwa simu, na programu ingempata mtu mwingine. Theodora alimwona akilitafuna neno hilo. Alingoja. Kama angelisema, pengine angebaki. Na angebaki na kitu kidogo kilichokwama kifuani, kisicho na sehemu ya kuandikwa.

"Wale makarani," alisema Primus mwishowe, "wakifundishwa na mtu mwingine watapata programu. Wakifundishwa na wewe wataipenda. Nenda, Theo."

"Sprinti kumi na tatu."

"Nimeshahesabu. Nitakuja ya tatu, ya sita na ya tisa. Na sitaki uende hivihivi." Akasimama, tope magotini. "Nilikuwa natafuta maneno mazuri..."

"Primus!" Sauti ilitoka juu ya njia, ikavuka migomba bila shida. Mama alikuwa anashuka, na mkononi ana jani la tatu, kwa kuwa hakumwamini mwanawe hata kidogo. "Umempa? Amepokea?"

"Shikamoo, mama," alisema Theodora, magoti yakishuka kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa jedwali?" Alimtazama kuanzia miwani mpaka raba. "Huyu ametusimulia jedwali leo asubuhi mpaka chai ikapoa. Baba yake akauliza, ni mchumba au ni karatasi?"

"Mama, nilikuwa katikati ya..."

"Katikati ya nini?"

"Ya kumposa!"

Mama alifunga mdomo, akajificha nyuma ya mgomba mmoja, ambao haukumficha. "Endelea. Mimi sipo."

Primus alivuta pumzi. "Maneno mazuri yamekimbia, yamemwona mama. Nataka nikuoe, Theodora. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Kama kuna sehemu nyingine ya kujaza niambie, nitajaza."

"Hakuna," alisema. "Nakubali. Nikirudi kutoka Mbinga, njoo Shirimatunda na wazee wako."

Mgomba ulipiga vigelegele. Mpaka ng'ambo ya korongo watu walitoka nje kuuliza kuna nini, na mama akawajibu kwa Kichagga, kirefu, akionyesha miwani na raba.

Theodora alisogea pembeni ya mfereji, akawasha simu yake iliyozimwa tangu mchana. Iliita mara moja tu.

"Mama, shikamoo. Nina habari mbili. Ya kwanza, Jumatatu nasafiri kikazi, Mbinga. Ya pili... kaa chini kwanza."

"Nimekaa tangu mwaka juzi, mwanangu," alisema mama. "Sema."